Kupigia muziki wazee makazi ya hapa Tabora: mara ya kwanza tuliwaumiza masikio, naombeni uzoefu

gitaa_la_Isevya:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Mimi nasoma mwaka wa pili chuo hapa Tabora mjini, napiga gitaa na kinanda kidogo kwenye kwaya ya wanachuo. Muziki sijausomea darasani ila solfa (zile doh re mi) nasoma na sikio ninalo. Mwezi uliopita tulikubaliana kwenye grupu letu la WhatsApp twende tukawaimbie wazee kwenye makazi fulani ya wazee wasiojiweza, jina la makazi naomba niliache maana kosa lilikua letu sisi na si la wenyeji. Naeleza yote kama ilivyokua ili mnisaidie vizuri.

Tulienda watu 14. Tulikodi bajaji mbili kwa ajili ya vyombo tu, spika mbili zile kubwa za shughuli, miksa, kinanda, maiki tatu. Tulifika saa nane mchana, jua la Tabora mnalijua, wahudumu wakawatoa wazee ndani wakawapanga kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, wengine walikua wamelala kabisa wakaamshwa kwa ajili yetu. Sisi tukafunga vyombo, tukatest maiki, tukaanza. Nyimbo ni zile tunazoimba saivi Jumapili, mpya mpya, zina kasi.

Wimbo wa tatu haujaisha nikaona bibi mmoja kavuta khanga kichwani kaziba nayo masikio yote mawili, kainama hivi. Mwenzake akashika mkongojo akainuka akarudi ndani taratibu. Sisi tukadhani hawasikii vizuri, jamaa wa miksa akaongeza sauti!! Na kulikua na babu mmoja haoni, kakaa kiti cha mwisho pembeni, muda wote anageuza kichwa huku na huku anauliza "ni kina nani hawa? wamekuja kina nani?" na hakuna mtu aliyemjibu kwasababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshamsalimia. Mimi nilikua karibu nae kama hatua tano, napiga gitaa, namsikia, na sikusimama.

Tukagawa biskuti, tukapiga picha, saa tisa na nusu tukaondoka. Wakati tunapakia spika yule babu akanyoosha mkono hewani akasema "mtarudi lini?" Nikamjibu tutarudi babu. Tangu siku hiyo hilo neno halinitoki.

Nataka kurudi na nataka kurudi vizuri. Naombeni mnieleze, nyimbo zipi, vyombo gani, tuende wangapi, tukae muda gani, na yule asiyesikia au aliyepoteza kumbukumbu unampigiaje? Na kama tulichofanya kinaweza kurekebishika.

---

Mama_Cheyo:

Marahaba mwanangu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimekaa na wagonjwa wazee miaka mingi, nitakujibu upande ninaoujua.

Yule bibi aliyeziba masikio hakua na kiburi, alikua anaumia. Masikio ya uzeeni yanapoteza kwanza sauti nyembamba za juu, sauti ya kwanza ya kwaya, filimbi, hata herufi kama "s" na "f" zinapotea kwenye maneno, sauti nene ndio zinadumu zaidi. Kuna jambo lingine vijana hamlijui, mzee unaongea nae kwa sauti ndogo hasikii, unaongeza kidogo bado hasikii, unaongeza tena kidogo tu inamwingia kama msumari. Nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" inakua nyembamba sana. Kwa hiyo spika kwa mzee hapana, spika inampa makelele haimpi maneno. Anachohitaji ni wewe usogee, ukae mbele yake auone mdomo wako, usiimbie mgongoni kwake, imba taratibu na kwa sauti ya chini, yaani sauti nene. Na kama ana sikio moja zima uliza ni lipi ukae upande huo.

Saa nane mchana pia ni vibaya. Mchana wazee wamechoka, wengine dawa za presha zimewalegeza. Nendeni saa nne asubuhi, uji umeshanyweka, dawa zimeshamezwa, wameoga, jua halijawa kali. Dakika 40 zinatosha. Mzee akichoka hasemi, unaona tu macho yanahama.

Kuhusu waliopoteza kumbukumbu. Mwanangu hapo ndipo muziki unapofanya kazi ambayo sisi wauguzi tulikua hatuiwezi. Ugonjwa wa kusahau unakula mambo ya karibuni kwanza, amekula nini asubuhi, wewe ni nani, mwisho hata jina la mtoto wake. Ila wimbo aliouimba akiwa binti unaweza kubaki mzima, beti zote. Nilikua na bibi wodini hajasema sentensi kamili kwa wiki kadhaa, siku moja mhudumu anapiga deki huku anaimba wimbo wa kubembelezea watoto wa Kinyamwezi, yule bibi akaudaka katikati akaumalizia. Mhudumu akasimama na dekio mkononi. Wimbo ulipoisha bibi akasema "endelea kufuta, kuna maji pale mlangoni." Ilikua sentensi yake ya kwanza.

Lakini usimuulize mgonjwa wa hivyo "unaukumbuka huu?" Huo ni mtihani, akishindwa atasononeka. Wewe imba tu, muachie nafasi aingie akitaka.

Na mkirudi muanze na yule babu asiyeona. Mguse mkono kwanza, mwambie jina lako na umekuja na nani na mmekaa wapi. Kwa asiyeona sauti inayotokea tu bila salamu inatisha.

---

Mkulima_wa_Urambo:

Sitaki kukukatisha tamaa kijana lakini nitasema ukweli wangu. Hela ya bajaji mbili na kukodi spika mngenunua sabuni katoni ngapi? sukari kilo ngapi? Wazee wale wanahitaji godoro, mafuta ya kupaka, nepi za wakubwa, vijana wanawapelekea gitaa. Mama yangu mdogo alikaa sehemu kama hiyo miaka ya mwisho ya maisha yake, nilipokua naenda kumuona aliniomba chumvi na ndala, hakuniomba kwaya. Makundi yanakuja na sare yanapiga picha yanaondoka, na sabuni inakua imeisha vilevile.

---

Besi_ya_Ngambo:

Mkulima pole sana kwa mama mdogo, na kwenye picha na sare niko na wewe moja kwa moja. Lakini mimi nimefanya hii kazi miaka mitatu nikiwa mwanafunzi, na watu wale wale walioniomba sabuni waliniomba pia nyimbo, tena kwa kusisitiza, kwa hiyo nabishana kidogo. Sabuni peleka. Ukienda na kipande cha sabuni kwa kila mzee na gitaa moja hujakosea popote. Kosa ni kufikiri mtu akiwa maskini na mzee basi kilichobaki ndani yake ni njaa tu.

Sasa dogo wa Isevya nisikilize, nitaandika ndefu kwasababu hili jambo nalipenda.

Kwanza utaratibu. Makazi ya serikali, kama Ipuli hapa Tabora, Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi kule Mwanza, yako chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, na kila makazi yana afisa mfawidhi, yaani msimamizi wake. Chukua barua ya utambulisho chuoni, pita kwa afisa ustawi wa jamii, halafu onana na mfawidhi ana kwa ana kabla ya siku yenyewe, muulize wazee wangapi, wangapi hawatoki kitandani, nani haoni, nani ana msiba. Sisi hatukuuliza siku ya kwanza tukaimba nyimbo za furaha nje ya chumba ambacho mtu alikua amefariki alfajiri.

Pili idadi. 14 ni wengi mno!! Nendeni wanne. Gitaa moja la kawaida lisilo la umeme, ngoma moja ndogo au kayamba, sauti mbili. Wengine kumi waje wiki nyingine, ndio mtaweza kwenda kila wiki bila kuchoka.

Tatu nyimbo, na hapa ndipo ninapotaka unielewe. Piga hesabu. Mzee wa miaka 80 leo kazaliwa miaka ya 1940, ujana wake ni miaka ya 1960. Nyimbo zinazomkaa mtu moyoni ni zile za ujanani, kuanzia alipobalehe mpaka alipooa au kuolewa. Na Tabora ya miaka ya 60 na 70 haikua mji wa kukosa muziki, ilikua na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids ya Salum Zahoro, bendi zinasikika redioni nchi nzima. Huyo unayemuona kwenye kiti cha plastiki alikua anachomekea anaenda dansi. Wewe unamletea wimbo wa mwaka jana akupigie makofi, anakupigia kwa adabu tu.

Nikupe mfano mmoja. Kwenye makazi niliyokua naenda kulikua na wazee waliougua ukoma zamani. Wenzangu wawili waliogopa kushikana nao mikono. Naomba mtu asiogope, ukoma unatibika, dawa zake zinatolewa bure, na mtu aliyemaliza dawa hakuambukizi, kinachobaki ni vidole kujikunja na ganzi kwasababu mishipa ya fahamu iliharibika. Basi mzee mmoja wa hao vidole vyote vimekunjika ndani, mara ya kwanza hakusema kitu, alikua ananiangalia mkono wangu wa kushoto tu. Mara ya pili akaniambia "unabana vizuri ila mkono wa kulia una haraka, unakimbilia wapi?" Nikamuuliza babu ulikua unapiga? Akasema alipiga gitaa la ridhimu kwenye dansi kabla ugonjwa haujafika mikononi.

Nikamwekea gitaa mapajani. Hakuweza kubana hata uzi mmoja, na alinionyesha kwamba hata akiugusa hausikii kwenye vidole. Basi nikapiga magoti mbele yake, mimi nabana na kupiga, yeye gitaa kalikumbatia, akalaza shavu kwenye ubavu wa gitaa, akafumba macho, kwenye shavu anausikia mtetemo vizuri. Nikapiga nilichodhani ni rumba. Akasema hapana, hiyo chacha. Nikapiga tena. Akasema hapana. Akaanza kunipigia kwa kisigino kwenye sakafu, na mdomoni anatoa ile ridhimu, na mimi nafuata kisigino. Ziara nne nzima tulikua kwenye chodi tatu hizo hizo, ndugu yangu, F, Bb na C, na kila nikifika wenzake wanasema "mwanafunzi wake kaja". Ziara ya tano akaacha kisigino akasema "sasa mtu anaweza kucheza hiyo." Na kweli bibi mmoja wa chumba cha jirani alikua ameshasimama mlangoni, kashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, anacheza mabega.

Kwa hiyo ushauri wangu wote ni huo, usiende kuwatumbuiza, nenda ukafundishwe. Uliza "babu, ujana wako mlikua mnacheza nini?" halafu nyamaza, atakuimbia kipande, utakikosea, atakurekebisha. Mzee akirekebisha mtu anakaa wima kwenye kiti, utaona kwa macho yako.

Mambo madogo ya ufundi. Shusha ufunguo, yaani wimbo uanzie chini zaidi. Wimbo mliozoea Doh G peleka Doh D, sauti za bibi zinashuka na umri na pumzi inakua fupi, kwa hiyo punguza kasi na mwisho wa kila mstari subiri wavute hewa. Usiimbe kwa kitabu, macho yako yawe kwao. Na baada ya viti vya nje pita vyumbani kwa wasiotoka, wimbo mmoja kitandani kwa mtu, mlango nusu wazi, sauti ya chini kabisa. Hizo ndizo dakika nilizozipenda kuliko zote.

Na mjiandae, wazee wanafariki. Mwaka wangu wa tatu nilifika nikakuta godoro la mzee wangu limekunjwa juu ya kitanda. Nilikaa pale na gitaa sijui nifanye nini, wenzake ndio walioniambia piga ile yake. Nikaipiga, na bibi wa mlangoni akaniambia kasi imeanza kupanda tena, punguza.

---

Binti_Ujiji:

Nimesoma ya Besi nikaacha kazi kwanza. Naongezea ya huku kwetu Kigoma, nilijitolea na wenzangu wa chuo tukiwa likizo.

La kwanza, si kila mzee ni mkristo. Tabora na Ujiji ni miji ya misafara toka zamani, hapo kwenye hivyo viti mna wenye asili ya Manyema, Waha, Wanyamwezi, Warundi, waliokuja na reli, waliokuja na tumbaku, waislamu ni wengi sana. Kwaya ikiingia na kuimba nyimbo za kanisani kwao tu kuna mzee anakaa kimya kwa heshima na moyoni anajua hamkuja kwake. Sisi tulikua na kijana anajua dufu, akapiga kaswida moja ya zamani taratibu, babu mmoja aliyekua amelala alianza kutikisa kichwa na kuitikia kabla hajafumbua macho. Halafu salamu. Mha ukimwambia "Mwakeye", Mnyamwezi ukimwambia "Mwangaluka", hata kama ndio neno pekee unalolijua, uso unabadilika kabla hujashika chombo.

La pili liwaguse wavulana. Kuna nyimbo bibi hataziimba mkiwepo. Bibi yetu mmoja wa Ujiji alikua anaguna kipande cha wimbo kila tukija, nikamuomba auimbe wote, akaangalia wavulana akasema "hawa waende wakachote maji." Walivyotoka akafunga mlango akaimba, ni nyimbo za kumfunda mwali, akanieleza na maana yake, tulicheka mpaka machozi, na akaniambia hizo usizirekodi. Sikurekodi. Nazikumbuka mbili na nitazifundisha kwa mdomo kama alivyonifundisha. Nyingine ni za msiba, ukimuomba mtu aimbe hiyo bila kujua unamkalisha matangani upya. Akilia usikimbilie wimbo wa furaha kumnyamazisha, weka gitaa chini, kaa nae. Wengine wanalia kwasababu ni mara ya kwanza mtu kumuuliza habari za mume wake tangu alipomzika.

La tatu picha. Muulize mzee mwenyewe, siyo mfawidhi peke yake. Bibi mmoja alisema nipigeni ila mnisubiri, akaenda kuvaa khanga mpya, akafunga kilemba, ikatuchukua robo saa. Mwingine alisema hapana, watoto wangu hawajui niko huku. Fikirieni hilo kabla ya kuweka mtandaoni.

---

Mkulima_wa_Urambo:

Besi nimekusoma mpaka mwisho. Mama mdogo alikua anaimba sana wakati wa kulima, kwetu watu walikua wanalima kwa ngoma, mstari wa watu ishirini jembe linashuka pamoja. Kule alikokaa sijawahi kumsikia akiimba na sikuwahi kumuuliza. Nilikua napeleka vitu natua naondoka kuwahi gari.

Dogo, nikiwa mjini mwezi huu nitakupa katoni mbili za sabuni uende nazo, niandikie inboksi. Na biskuti acheni, wengi hawana meno. Pelekeni michembe (vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa) ya kuchemsha ichanganywe na karanga zilizosagwa, inalainika vizuri na ndio chakula walichokulia.

---

gitaa_la_Isevya:

Asanteni sana sana, nimesoma mara mbili na nimewasomea wenzangu. Mama Cheyo ile ya spika nilikua sijui kabisa, ukijua hivyo unaona tuliongeza sauti juu ya maumivu. Mkulima nimekuandikia.

Swali moja, sisi tuna mitihani ya semista halafu likizo ndefu na field, wengi tunarudi makwetu, miezi kama mitatu hivi hakuna mtu. Je tuanze kitu ambacho tutakikatisha?

---

Mama_Cheyo:

Anzeni, ila msiwadanganye. Usiseme "tutarudi". Sema "tunarudi Jumamosi mbili zijazo, halafu tunaenda kwenye mitihani, tutaonekana tena baada ya mvua za kwanza." Mzee ana subira kubwa kuliko wewe akijua anasubiri nini. Mwandikie mfawidhi tarehe kwenye karatasi ibandikwe ukutani, na mkichelewa pigeni simu. Kinachomuumiza ni kukaa kiti cha mlangoni Jumamosi nzima amevaa shati la kutokea.

---

Besi_ya_Ngambo:

Na mfundishe wa mwaka wa kwanza sasa hivi, usisubiri umalize. Sisi tulivyomaliza chuo hapakua na aliyefuata, mpaka leo naumia. Chukua daftari, andika nyimbo mlizofundishwa na wazee kwa solfa, jina la wimbo kama mzee alivyolitaja, ufunguo aliouimbia na kabila lake, halafu daftari libaki kwenye grupu lisihame na mtu.

---

gitaa_la_Isevya:

Nimerudi na majibu. Tulienda juzi Jumamosi, saa nne asubuhi, tulikua wanne: mimi na gitaa, dada mmoja wa sauti ya pili, jamaa wa kayamba, na dogo wa mwaka wa kwanza ambaye ni muislamu na anajua kaswida. Spika hakuna. Barua tulipeleka wiki moja kabla na tulikaa na mfawidhi nusu saa. Sabuni za Mkulima zimefika na kila mzee kapata kipande, michembe alichemsha mama mwenye nyumba wetu sufuria nzima, iliisha.

Nilienda moja kwa moja kwa yule babu asiyeona. Nikamgusa mkono, nikasema shikamoo babu, mimi ndiye niliyekuambia tutarudi, nimechelewa. Akanishika mkono wote akaupapasa mpaka kwenye ncha za vidole, akakuta sugu za nyuzi, akasema "wewe ndiye mwenye gitaa. Siku ile nilikusikia lakini lile dude kubwa lilikufunika." Nikamuomba msamaha kwa kutomjibu alipokua anauliza. Akasema "nilijua ni watoto." Hakuongeza neno.

Nikamuuliza ujana wake walikua wanacheza nini. Akakaa kimya muda mrefu mpaka dada wa sauti ya pili akaniangalia kama nimemuudhi. Halafu akasema alikua kibarua wa reli, wale wa kunyanyua na kunyoosha reli, na kazi ile huwezi kuifanya bila wimbo kwasababu reli ni nzito, watu wote lazima wavute kwa pumzi moja, kuna mtu kazi yake ni kuimba tu na wengine kuitikia na kusukuma. Yeye ndiye alikua muimbaji. Akaanza. Sauti imekwaruza lakini mapigo yako pale pale, kila anapofika mwisho wa mstari anapiga goti kwa ngumi, na mimi nikaweka chodi pale kwenye ngumi.

Akatusimamisha. "Mnaitikia mapema, reli bado haijanyanyuka." Tukarudia. Akatusimamisha tena, safari hii ni kwasababu dada aliitikia kwa sauti nzuri mno, babu akasema "hapo umebeba kilo ngapi wewe?" na wazee wote wakacheka, yule bibi wa khanga pia, alikua amekaa kiti cha pili na masikio hakuyaziba. Mara ya tatu tukapata na viti vitatu vinne vikaanza kuitikia, kumbe wengine nao wanaujua au wanaujua wa namna hiyo.

Tulikaa dakika 50, tulizidisha kumi na mama Cheyo anisamehe, mwishoni tulipita vyumba viwili vya wasiotoka na dogo wa mwaka wa kwanza aliimba kaswida kwa mzee mmoja akiwa amechuchumaa sikio kwa mdomo. Daftari limeanza, ukurasa wa kwanza ni wimbo wa reli, Doh tumeweka C.

Tarehe zote mbili za kurudi tumembandikia mfawidhi ukutani na babu nimemtajia kwa mdomo mara mbili akazirudia. Ameagiza gitaa lipumzike Jumamosi ijayo, twende na debe tupu la mafuta na nondo fupi mbili, anataka tusikie jinsi chuma kilivyokua kinajibu.